Mipira ya Buluu na Korosho za Kilifi

Nilistaafu mwezi uliopita, na gereji ikaniaga kwa saa ya ukutani. Nashukuru. Ni saa nzuri, ina picha ya mlima wenye theluji ambao Malindi hatunao, na tangu niitundike haijakubaliana na adhana hata mara moja. Walioichagua ni mafundi wale wale ninaowaachia breki za watu, ndiyo maana nimeona heri niandike haya mapema.

Ninyi mafundi mliniomba siri za kazi. Hakuna siri. Vyeo pia sina haja ya kuvieleza: niliingia nikiitwa "wee", nikatoka nikiitwa "mzee", na katikati hapo nilikuwa fundi Katana. Kuhusu mshahara, ni ule ule mnaoulalamikia kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo mnaujua kuliko mimi.

Siku yangu ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikuja na shati jeupe. Mama yangu kule Ganze alikuwa amelipiga pasi ya makaa usiku wa kuamkia safari, akiamini mwanawe anakwenda kufanya kazi mjini, na watu wa mjini huvaa mashati. Mzee Shee alikuwa ameinamia injini. Alikuwa mtu wa Faza kule Lamu, mrefu, mwembamba, na kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, ilikuwa nyeupe kuliko shati langu. Miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kuona tone la oili juu ya kofia ile, na wala sikuwahi kuelewa alifanyaje.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Shati hilo umelileta kazini au harusini?"

Kufikia adhuhuri shati lilikuwa limepata kazi kabla yangu. Lilikuwa tambara la kufutia bolti.

Msidhani nataka kumfanya Mzee Shee walii. Alikuwa na majivuno ya kutosha gereji tatu. Kwa maelezo yake mwenyewe, kutoka Lamu hadi Lungalunga hakukuwa na fundi ila yeye, na mwingine alikuwa amekwisha kufa. Alibishana na vitabu vya watengenezaji wa magari kana kwamba mwandishi alikuwa amesimama mlangoni. Aliosha kwa parafini vitu ambavyo havikuumbwa vioshwe, vikaharibika, na akalaumu parafini. Lakini kwenye breki hakuwa na mzaha, na hapo ndipo nilipojifunza kazi.

Sheria ya gereji ilikuwa moja, nyingine zote zilikuwa kelele. Ukigusa breki za gari la mtu, humrudishii ufunguo mpaka umepanda gari hilo, kiti cha abiria, mwenyewe akiendesha, hadi mteremko wa feri kule Kilifi. Malindi ni tambarare. Gari lisilo na breki linaweza kuzeeka hapa kwa heshima zote na mwenyewe asijue. Kilifi wakati huo haikuwa na daraja, barabara iliteremka moja kwa moja hadi majini, na asiyesimama alikuwa ameamua kuvukia Mnarani, ng'ambo ya maji, bila kungojea feri. Pale chini waliuza korosho kina mama. Fundi alitakiwa anunue pakiti moja pale pale mteremkoni, airudishe gereji, naye Mzee Shee aitafune moja mbele ya watu wote. Akisema "Tamu," kazi imekwisha. Bila korosho, hata ukimwapia, breki haijapita.

Nilikula korosho nyingi kwa utaratibu huo. Fundi anayejua kwamba atakaa kiti cha abiria hukaza nati kwa moyo wa ibada. Sijaona mashine ya kupimia breki inayoweza kumtia mtu moyo huo, na ninyi mnayo ya kisasa kabisa.

Sasa nije kwa gari la Sinyo Renzo. Huyu alikuwa Mtaliano mwenye hoteli ndogo upande wa ufukweni, mtu mkarimu, mwenye sauti kubwa na subira ndogo. Katikati ya miaka ya themanini alileta gari la mbio, jekundu, la viti viwili, fupi kiasi kwamba ukitaka kuzungumza na dereva unainama kama unayetafuta pini mchangani. Barabara zetu zilikuwa na mashimo yenye majina. Gari lile lililetwa hapa kwa hesabu ambayo Mungu pekee ndiye aliyeijua.

Ugonjwa wake ulikuwa mipira ya vakyumu. Kwa wale wanaojua magari ya kompyuta tu, nieleze: injini inavuta hewa, na ule mvuto unasafirishwa kwa mipira myembamba kwenda kufanya kazi ndogondogo hapa na pale. Mmoja ulio mnene zaidi unakwenda kwenye busta ya breki, lile kopo kubwa jeusi linalousaidia mguu wa dereva. Mpira ukipasuka, injini inanguruma na kutetemeka, na ule wa busta ukiziba, pedali ya breki inakuwa ngumu kama kizingiti. Mipira ya Renzo ilikuwa raba ya kawaida, nayo ilikuwa imeliwa na joto la injini ndani na chumvi ya bahari nje. Gari likiwa limesimama lilifoka kama sufuria ya wali.

Kutafuta nyufa, Mzee Shee alitumia chetezo. Ndiyo, chetezo cha ubani. Alikipitisha polepole karibu na mipira, na pale moshi ulipoacha kupanda ukaingia ndani, ndipo penye ufa. Msijaribu. Makaa na petroli havijawahi kuwa majirani wema, na kama hatukuungua ni kwa dua za wake zetu. Renzo alipotukuta tunafukiza gari lake ubani alipiga ishara ya msalaba, akauliza kwa adabu kama shetani ametoka.

"Hajatoka," Mzee Shee akamjibu. "Yuko kwenye mipira. Yataka tubadilishe yote."

Baada ya wiki kadhaa mgeni wa hoteli alileta kutoka Ulaya furushi zima la mipira ya silikoni. Ilikuwa ya buluu, buluu ya bahari ya kwenye kadi za posta. Renzo aliifungua juu ya meza yetu kama anayetandaza leso za mahari. Mafundi wote waliacha kazi wakaja kutazama, na tajiri wetu, Bwana Anwar, alitoka ofisini, jambo ambalo kwa kawaida lilihitaji moto au mkaguzi wa kodi.

Mzee Shee hakuikataa kwa sababu ni ngeni. Aliijua silikoni, aliisifu, akasema inavumilia joto na chumvi kuliko raba yoyote. Kisha akaanza kuichagua, na hapa someni kwa makini kwa sababu mipira haijabadilika. Kwanza alipima tundu la ndani kwa ncha za keekee, moja baada ya nyingine, mpaka ipatikane inayoingia bila kusukumwa wala kucheza. Mpira ukiwa mpana, klipu haitakuokoa. Ukiwa mwembamba, utaulazimisha na utachanika siku usiyoitaka. Pili alikata kipande akakiacha ndani ya kopo la petroli hadi asubuhi, na asubuhi kilikuwa kimevimba. Basi silikoni hii isipite kamwe mahali pa petroli. Tatu alienda kwa mama wa chai, akaomba sufuria ya maji yanayochemka.

Alitumbukiza kipande cha mpira mwembamba, akakitoa, akaziba mwisho mmoja kwa kidole na kufyonza mwingine kwa mdomo. Kilisimama. Akarudia na ule mnene wa busta ya breki. Ukiwa baridi ulisimama vizuri, lakini ulipotoka kwenye maji ya moto na akafyonza, ulilala bapa kama utumbo wa mbuzi.

"Huu hauna ubavu," akasema. "Ukuta wake mwembamba. Ukipata moto utajifunga wenyewe, na breki zitakuwa za mguu mtupu. Hii midogo nitafunga yote. Huu wa busta alete mwingine, mnene, wenye kitambaa ndani."

"No, no," Renzo akasema. "Yote buluu. Nafungua boneti, watu naona yote buluu. Moja nyeusi hapa katikati, mbaya sana!"

Alikuwa na safari ya Mombasa wiki ile. Kule klabu kulikuwa na wenzake wenye magari kama lake, ambao kazi yao, nilivyoelewa, ilikuwa kufungua maboneti na kutazamana injini huku wakinywa vinywaji. Bwana Anwar alitusikiliza, akamtazama Renzo, akatutazama sisi.

"Mzee Shee, mteja amesema buluu. Funga buluu."

"Bwana Anwar, nimekuonyesha kwa mdomo wangu."

"Umeonyesha kwa sufuria ya chai. Gari halipiti ndani ya sufuria."

"Mimi sifungi."

"Usipofunga wewe, jioni hii atafunga mwingine. Mafundi wamejaa hapa Malindi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomshinda. Nilimwona Mzee Shee akifikiri. Kufunga ule mpira kulikuwa dhambi. Kumwachia mwingine aufunge, halafu Renzo ateremke Kilifi bila mtu yeyote anayejua kinachomngojea, kulikuwa dhambi kubwa zaidi. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shuka.

"Haya. Tutafunga. Lakini sheria ya gereji ibaki sheria. Anayepanda leo ni yule aliyeuchagua mpira. Mpira huu sikuuchagua mimi, wala Katana. Umeuchagua wewe, Bwana Anwar."

Nilidhani Bwana Anwar atakasirika. Alifurahi! Tangu gari lile lije alikuwa akilizunguka kama paka kwenye banda la samaki, akitafuta sababu ya kupanda bila kuomba. Alikwenda nyumbani kubadili kanzu, akarudi na miwani ya jua na manukato. Mzee Shee alimweleza Renzo polepole, mara mbili, kwamba pale Kilifi asimame kabisa juu kabla ya mteremko, akanyage pedali, aone kama ni ngumu. Renzo alisema "Sawa, sawa," na mkono wake ukiwa tayari kwenye gia. Mimi niliambiwa nikaze breki ya mkono mpaka ilie, na nikaikaza kama ninayemfunga mwizi.

Sisi wawili tulitangulia kwa pikapu ya gereji, tukiwa na magogo mawili ya kuzuia magurudumu. Njia nzima Mzee Shee alitabiri. Gede, akasema, mpira utalala hapa. Haukulala, maana tuliwaona nyuma wakija na vumbi lao. Matsangoni, akasema, hapa sasa. Bwana Anwar alikuwa akipungia watu mkono. Mzee Shee alikasirika na mpira kwa kumwaibisha, na mimi nikaanza kujiuliza kama kweli sufuria ya chai ni kipimo.

Kilifi tulikuta feri iko ng'ambo, Mnarani, inapakia. Maji yalikuwa yamekupwa, na nusu ya chini ya mteremko ilikuwa imevaa ukoga wa kijani. Kina mama wa korosho walikuwa wamekaa kama kawaida yao, beseni mapajani.

"Mama zangu, nawaomba mkae kando kidogo. Linakuja gari."

"Magari yaja kila siku, baba," mmoja akamjibu. "Wewe umekuwa askari lini?"

"Hili si la kila siku! Ondokeni!"

Sijawahi kumsikia akipiga kelele namna ile kwa mwanamke. Waliondoka wakinung'unika. Tukashuka na magogo, mimi kulia, yeye kushoto, tukasimama juu kidogo ya pale ukoga unapoanza.

Gari jekundu lilitokea juu. Kusimama hakukuwapo. Renzo alitupungia mkono, akaelekea chini. Nikaona taa za breki zikimulika kwenye ukuta wa kando ya barabara nyuma yake, zikamulika tena, na gari halikupungua. Nilikuwa naiona midomo ya Renzo na macho ya Bwana Anwar. Miwani ya jua haikuwa usoni tena. Niliogopa. Niseme wazi, niliogopa kiasi cha kutaka kulitupa gogo na kukimbia, na kilichonizuia ni kwamba yule mzee wa kushoto hakusogea.

"Mkono!" Mzee Shee akapaza sauti. "Vuta mkono! Renzo, mkono!"

Akauvuta. Magurudumu ya nyuma yakalia, mkia wa gari ukapinda, likaja upandeupande. Nikalisukuma gogo langu chini ya gurudumu na kujirusha nyuma, na upande wa pili yeye akafanya hivyo hivyo. Gari liliruka gogo la kwanza, likapanda la pili, likateleza juu ya ukoga na kusimama magurudumu ya mbele yakiwa majini, mawimbi madogo yakigusa taa.

Kisha mlango wa abiria ukafunguka, Bwana Anwar akatoka, akasimama kwenye maji hadi magotini na kanzu yake mpya. Mtu wa Malindi, kizazi cha Malindi, ambaye hakuwahi kujifunza kuogelea.

Nikamtafuta Mzee Shee. Alikuwa amepiga magoti kwenye ukoga, na kofia yake ya vito ilikuwa matopeni. Hakuiokota. Alikuwa akimtazama Renzo, na sauti ilipomtoka haikuwa yake.

"Nilikwambia usimame juu. Nilikwambia. Mnataka niwazike mimi? Mimi mzee niwazike ninyi?"

Alikuwa analia. Nilikuwa nimemngojea acheke, amwambie Bwana Anwar kuhusu sufuria, maana kwa majivuno yake alikuwa na haki ya mwaka mzima wa kejeli. Hakuitumia hata siku moja. Nilimwokotea kofia, na doa lile halikutoka tena.

Tulifungua boneti pale pale. Mpira wa busta ulikuwa umelala bapa, buluu safi, wa kupendeza mno. Renzo aliutazama, akaubonyeza kwa kidole, akafunga boneti mwenyewe.

Bwana Anwar akapanda mteremko kwa kanzu iliyolowa, akanunua pakiti ya korosho kwa yule mama aliyefukuzwa. Akaileta kwa mikono miwili, akampa Mzee Shee. Mzee akaishika, akaitazama, akamrudishia.

"Hizi siwezi kuzila. Breki haijapita."

Mpira wa pili ulikuja baada ya mwezi. Mnene, una kitambaa ndani ya ukuta wake, umepikwa kwenye sufuria ile ile ukasimama kama askari. Tatizo lilikuwa moja: ulipatikana kwa rangi ya kijani tu, kijani cha bamia. Renzo aliupokea kwa heshima ya mtu anayepewa rambirambi. Na siku ya kwenda Kilifi, kabla hatujasema neno, Bwana Anwar alikuwa amekwisha kaa kiti cha abiria, bila manukato, ameshika mlango kwa mikono miwili. Gari lilisimama juu, likashuka, likasimama katikati ya mteremko, likakaa. Bwana Anwar alipomletea korosho, Mzee Shee alitafuna moja polepole.

"Tamu," akasema.

Tangu siku hiyo Bwana Anwar hakumwambia fundi yeyote afunge kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa tayari kukikalia. Alipata hasara kwa wateja wawili watatu wenye haraka. Walipata gereji nyingine, zipo nyingi, na mafundi wa huko bado wanawaombea.

Baadaye daraja likajengwa, feri ikaondoka, na mteremko ukabaki wa wavuvi na wapenzi. Mzee Shee alirudi Faza na huko ndiko alikozikwa. Bwana Anwar akawauzia gereji watu wengine, wakaleta mashine ya breki yenye taa, inayotoa karatasi. Karatasi hailiwi. Sheria yetu ilikufa bila mtu kutangaza msiba, na nilipowasimulia baadhi yenu mlicheka mkaniuliza korosho zilikuwa za chumvi au bila.

Siku ya kuniaga, mlipokwisha kula pilau, mliamua kunisindikiza nyumbani Mnarani kwa gari la gereji. Breki zake zilikuwa zimefunguliwa asubuhi ile ile. Niliuliza ni nani aliyezigusa. Mkatazamana. Nikaona basi, na uzee wangu huu, nitakaa mbele mwenyewe, angalau mmoja atimize sheria. Nikafungua mlango wa abiria nikiwa na saa yangu kwapani.

Kiti kilikuwa na mtu. Mbeyu, binti aliyeingia gereji yetu juzi kutoka chuo cha ufundi, na ambaye hakucheka nilipowasimulia, amefunga mkanda, mikono bado ina grisi.

"Shikamoo, Mzee. Samahani, kiti hiki ni changu. Wewe keti nyuma."

Nikaketi nyuma. Kilifi hatukwenda moja kwa moja darajani. Mbeyu alimwelekeza dereva njia ya zamani, tukashuka ule mteremko hadi ukoga ulipoanza, gari likasimama, likakaa. Kisha tukapanda juu, akateremka karibu na daraja, akarudi na pakiti ya korosho, akanipa. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nilitafuna moja. Niliitafuna polepole, kama Mzee Shee, na yule binti akaanza kuingiwa na hofu kuhusu kazi yake.

"Tamu," nikamwambia.